Unguja hadi Maskati: Saa Tano na Musimu Mmoja

Kutoka Unguja hadi Maskati ni kilomita zipatazo 3,900 kwa mstari wa angani, na ndege ya abiria isiyotua njiani huzimaliza kwa muda wa saa tano na robo hivi. Hayo ndiyo majibu mawili anayopewa kila anayeuliza umbali wa miji hii, na yote mawili ni sahihi. Mimi mwenyewe nimeyatumia mara nyingi, kwa kuwa nusu ya ukoo wetu iko kule na nusu iko huku, na haupiti mwaka bila ya mtu kuuliza nani anasafiri lini na atafika saa ngapi. Marehemu bibi yangu, mama yake baba, aliyezaliwa Wete na kuzeekea Funguni karibu na bandari ya majahazi, hakupata kuzitaja kilomita hata siku moja. Ukimwuliza Maskati ni mbali kiasi gani, alijibu kwamba ni musimu mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Nilipokuwa mdogo niliyachukulia majibu yake kuwa ni maneno ya wazee tu. Nilichelewa sana kufahamu kwamba alikuwa akitoa hesabu kamili, na kwamba pepo alizokuwa akizihesabia zinaendelea kuamua safari hii mpaka leo, hata kwenye kimo cha futi 37,000 ambako hakuna tanga wala mlingoti.

Nianze na kilomita zenyewe. Zile 3,900 hupatikana kwa kuichukua dunia kama tufe na kuuvuta uzi juu yake kutoka uwanja wa ndege wa Unguja, ulioko Kiembe Samaki, hadi uwanja wa Maskati, ulioko Seeb magharibi ya mji. Uzi ukikazwa vizuri hujitafutia wenyewe njia iliyo fupi kuliko zote. Kwa miji iliyo mbali kaskazini ya dunia, njia hiyo fupi huonekana kwenye ramani ya ukutani kama upinde mkubwa, na watu wengi hushangaa kuona ndege iendayo Amerika ikipita karibu na ncha ya dunia. Kwetu sisi upinde huo hauonekani, kwa sababu Unguja iko nyuzi sita tu kusini ya ikweta na Maskati haijafika nyuzi 24 kaskazini yake. Rula iliyowekwa juu ya ramani ya kawaida haikosei sana.

Nimewahi kukaa na atlasi ya zamani ya baba na kuufuata uzi huo kwa kidole, na nawashauri wenye jamaa pande zote mbili wafanye hivyo, kwa sababu hakuna kitu kilichonifundisha jiografia ya ukoo wetu kuliko zoezi hili. Mstari unatoka Unguja ukielekea kaskazini-mashariki, na kabla ya robo saa ya safari kwisha unakuwa umefika Pemba, ukikata kusini ya kisiwa na kupita karibu sana na Chake Chake, kisha ukatokea upande wa mashariki huku Wete ikibaki mkono wa kushoto. Mombasa na Lamu zinaachwa upande huohuo wa kushoto, ng'ambo ya maji. Karibu na ikweta mstari unaikaribia Kismayo, unaingia bara la Somalia, na unaiacha Mogadishu kulia kwa kilomita mia na ushei. Unavuka nchi kavu ya Wasomali kwa urefu wake wote, unatoka karibu na Bosaso, unakata Ghuba ya Aden, na kuifikia nchi kavu ya Uarabuni karibu kabisa na mahali ambapo mpaka wa Yemen na Oman unaingia baharini. Salalah inabaki kulia kidogo. Baada ya hapo ni jangwa tupu, kwa muda wa karibu saa moja, mpaka milima ya Hajar inapoanza kuonekana na rubani kuanza kushuka.

Huo ni uzi wa kwenye tufe. Ndege halisi haiufuati kwa uaminifu wote. Inapita kwenye njia za anga zilizopangwa, ambazo hupinda kutoka kituo hadi kituo, na inapita katika anga za nchi ambazo mambo yake hubadilika. Anga ya Somalia, kwa mfano, kwa miaka mingi iliongozwa na waongozaji wa ndege waliokuwa wakifanya kazi Nairobi, na kazi hiyo ilirudishwa Mogadishu mwishoni mwa 2017. Anga ya Yemen nayo, tangu vita vilipozidi mwaka 2015, imekuwa ikiepukwa na mashirika mengi. Kila mzingo wa namna hiyo huongeza kilomita kadhaa, na ndiyo maana abiria akitazama kioo cha mbele ya kiti chake anaweza kukuta masafa yamepita 4,000 ingawa kitabu kinasema 3,900. Kitabu hakijakosea.

Kuhusu muda, kosa linalofanywa mara nyingi ni la kugawanya. Mtu huchukua kilomita 3,900, akazigawa kwa mwendo wa ndege, ambao kwa aina za ndege zinazotumika zaidi katika masafa haya ni kilomita 830 au 840 kwa saa, akapata saa nne na dakika 40, kisha akamwambia nduguye aje kumpokea muda huo. Lakini ndege haiwi kwenye mwendo huo tangu mwanzo hadi mwisho. Inatembea polepole uwanjani kabla ya kupaa, inapanda kwa karibu nusu saa ikiwa bado haijafikia kasi yake kamili, na inapokaribia kutua huanza kupunguza mwendo mapema, halafu huzungushwa ili ije kutua kwa kuukabili upepo wa chini. Muda unaoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa kuanzia ndege inapoondoka kwenye maegesho yake hadi inaposimama kwenye maegesho ya pili. Ongeza hayo yote, na saa nne na dakika 40 zinakuwa saa tano na dakika kumi, na robo, wakati mwingine na nusu.

Wakati mwingine kwa nini? Hapa ndipo ninapomkumbuka bibi, na ndipo ninapoomba msomaji anivumilie nirefushe maneno kidogo.

Sote tuliokulia pwani tunazijua pepo mbili. Kaskazi huanza kuvuma kiasi cha Novemba au Disemba na kuendelea hadi Machi, ukitoka kaskazini-mashariki, yaani kutoka upande wa Uarabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Kusi huanza kiasi cha Aprili na kuendelea hadi Septemba, ukitoka kusini na kuelekea huko huko ulikotoka kaskazi. Baina yao kuna vipindi vya tanga mbili, ambapo upepo hauna msimamo na nahodha hajui aweke tanga upande gani. Sababu yake ni joto la nchi kavu. Kiangazi cha kaskazini kinapofika, ardhi ya Uarabuni na ya Bara Hindi hupata moto kuliko bahari, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya baharini hukimbilia kuchukua nafasi yake. Hiyo ndiyo kusi. Majira yakigeuka na ardhi ikapoa, mwendo nao hugeuka.

Jambo ambalo sikufundishwa shuleni, na ambalo nililijua kwa kusoma mwenyewe nikiwa mtu mzima, ni hili: ile hewa iliyopanda haikai huko juu ikatulia. Inarudi. Katika miezi ya Juni hadi Septemba, wakati kusi inasukuma maji na kila kinachoelea kuelekea Uarabuni, huko juu sana, kilomita 12 na zaidi kutoka usawa wa bahari, kuna mkondo mkubwa wa upepo unaotoka mashariki kwenda magharibi, kutoka juu ya Bara Hindi, ukipita juu ya Bahari ya Arabu na kuingia Afrika. Na katika miezi ya kaskazi, wakati majahazi yalikuwa yakiletwa huku na upepo wa kaskazini-mashariki, juu ya Uarabuni hupita mkondo mwingine, wenye nguvu zaidi, unaotoka magharibi kwenda mashariki, ambao mwendo wake huweza kuzidi kilomita 150 kwa saa.

Tazama basi ajabu iliyomo. Pepo za juu zinageuka kwa majira yaleyale ya pepo za chini, lakini kinyume chake. Jahazi lililotaka kwenda Maskati lilingoja kusi. Ndege iendayo Maskati wakati wa kusi inakabiliana na upepo wa juu unaoirudisha nyuma kidogo. Jahazi lililotoka Maskati kuja Unguja lilingoja kaskazi. Ndege itokayo Maskati wakati wa kaskazi inaanza safari yake kwa kuukabili upepo wa magharibi, na ile inayokwenda Maskati husukumwa na upepo huohuo katika saa yake ya mwisho. Kwa kuwa njia yetu inaelekea kaskazini zaidi kuliko mashariki, upepo hauigongi ndege usoni wala mgongoni moja kwa moja, unakuja kwa ubavu, na sehemu tu ya nguvu yake ndiyo inayohesabika. Kwa hiyo tofauti si ya saa nzima. Ni dakika kumi, robo saa, mara nyingine ishirini. Lakini ipo, na marubani huipanga kabla ya kuondoka, kama nahodha alivyoipanga.

Kuna mambo mengine mawili ambayo marubani wameyarithi kutoka kwa mabaharia, na ambayo abiria hawaambiwi. La kwanza ni kipimo. Rubani hapimi njia kwa kilomita. Anapima kwa maili za baharini, ambayo kila moja ni mita 1,852 na ambayo asili yake ni dakika moja ya duara la dunia, kipimo cha watu waliokuwa wakitazama nyota wajue wamefika wapi. Kwa kipimo hicho, Unguja na Maskati zimeachana kwa maili 2,110 hivi. La pili ni adabu ya njia. Ndege zinazoelekea upande wa mashariki hupewa vimo vya maelfu yasiyogawika kwa mbili, kama futi 35,000 au 37,000, na zinazoelekea magharibi hupewa 36,000 au 38,000, ili zikipishana kila moja iwe na tabaka lake. Mtu anayetoka Unguja kwenda Maskati na ndugu yake anayetoka Maskati kuja Unguja wanaweza kupishana juu ya Somalia kwa tofauti ya futi 1,000 tu, bila ya yeyote kati yao kujua.

Narudi kwenye majahazi, kwa sababu bila ya kuyafahamu hayo saa tano hazina maana.

Jahazi likiwa na upepo mzuri lilichukua wiki tatu au nne kati ya Maskati na Unguja. Halikupita juu ya Somalia; lililazimika kuizunguka pembe yote ya Afrika, kutoka Rasi ya Hadd nchini Oman, likashuka kwa kufuata pwani, likitia nanga hapa na pale kwa maji na biashara. Lilileta tende, chumvi, papa na mazulia, na likarudi na karafuu, nazi na boriti za mikoko ambazo mpaka leo zinaonekana kwenye dari za nyumba za zamani za Oman, nchi isiyokuwa na miti mirefu ya kujengea. Lakini mwenye kusema kwamba safari ilikuwa ya wiki nne amesema nusu ya maneno. Lililokuja kwa kaskazi mwezi wa Januari halikuweza kurudi Februari. Lilikaa. Mabaharia walipanga vyumba, walikarabati vyombo kwenye fukwe za Malindi ya Unguja na Funguni, wengine walioa. Kusi ilipoanza kuvuma kidogo kidogo mwezi wa Aprili waliondoka haraka, kwa sababu ikifika Juni na Julai upepo na mawimbi ya pwani ya Uarabuni huwa makali kiasi cha bahari kufungwa, na aliyechelewa alikuwa hana budi kungoja demani, kusi inapopungua nguvu mwezi wa Agosti na Septemba.

Kwa ajili hiyo walihitaji kalenda isiyoyumba. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, na miezi yake huzunguka majira yote ya mwaka, kwa hiyo haiwezi kumwambia baharia lini kusi itaanza. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, na watu wa pwani walizihesabu siku zake kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Nairuzi hiyo ndiyo inayosherehekewa hadi leo Makunduchi kila mwezi wa Julai katika Mwaka Kogwa. Wageni wengi huenda kutazama watu wakipigana kwa migomba, na ni haki yao kufurahi, lakini mimi kila ninapokwenda huona pia kitu kingine: huona saa ya ukutani ya bahari nzima ikitiwa ufunguo upya.

Hivyo bibi aliposema musimu mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, alikuwa na maana hasa ya hivyo. Umbali wa Maskati ulikuwa mwaka. Wiki nne zilikuwa za kusafiri, na miezi iliyobaki ilikuwa ya kungoja, na kungoja nako ni sehemu ya njia.

Hata watawala hawakuwa na upepo wao peke yao. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala pande zote mbili na ambaye kufikia mwaka 1840 alikuwa amekwisha kuuhamishia Unguja makao yake, alikaa miaka yake ya mwisho akienda na kurudi kati ya miji hii, na mauti yalimkuta baharini karibu na Shelisheli mwezi wa Oktoba 1856, akiwa njiani kurejea Unguja. Watoto wake wawili wakabaki mmoja kila upande, Majid Unguja na Thuwaini Maskati, na mwaka 1861 dola ikagawanywa rasmi kwa uamuzi wa Waingereza. Wanahistoria wana sababu nyingi za kugawanyika huko na sitaki kuzipuuza. Naongeza moja tu: ni vigumu mtu kuitawala nchi ambayo barua yake ya kwenda na majibu yake huweza kumaliza mwaka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Meli za moshi za barua zilianza kufika Unguja kwa ratiba kutoka Aden mwaka 1872, na mwaka 1879 ukatandikwa waya wa simu za maandishi (telegrafu) chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja. Kuanzia siku hiyo habari zikaweza kufika kabla ya mtu, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika bahari hii.

Nusu karne na zaidi iliyopita siijui kwa vitabu tu, bali kwa ukimya wa nyumbani kwetu. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya watu wengi wenye asili ya Oman. Wengine walikwenda bara, wengine Misri, Kuwait na Dubai, na Oman yenyewe wakati huo haikuwa nchi ya kuingilika kwa urahisi. Alipotawala Sultan Qaboos mwaka 1970 na kuwaita watu wa asili ya Oman walioko nje warudi, maelfu waliitika, na ndiyo maana leo ukitembea Maskati unaweza kusikia Kiswahili dukani, hospitalini na katika ofisi za serikali, na ukila mishkaki ya barabarani jioni unaweza kuikosoa kwa lugha yako na mchomaji akakuelewa. Ami yangu mkubwa, kaka yake baba, alikuwa miongoni mwa waliokwenda katikati ya miaka ya 1970. Kwa miaka kadhaa baada ya kuondoka kwake, umbali wa Unguja na Maskati haukuwa kilomita wala musimu. Ulikuwa ni pasipoti, ruhusa, na bahasha iliyofika imefunguliwa. Bibi alizihifadhi bahasha zile kwenye sanduku la njumu, na hakupenda tuzishike.

Ndege za moja kwa moja zilipokuja, tulijifunza kosa jingine la hesabu, nalo ni la saa. Oman iko mbele ya Tanzania kwa saa moja. Tiketi huandika muda wa kuondoka kwa saa ya mji wa kuondokea na muda wa kufika kwa saa ya mji wa kufikia, kwa hiyo safari ya kwenda inaonekana kama ni ya saa sita na robo, na ya kurudi kama ni ya saa nne na robo, ilhali urefu wake ni karibu sawa. Juu ya hapo sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo, na tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Shangazi yangu wa Maskati amekaa kule zaidi ya miaka 40 na bado, akizungumza Kiswahili, saa tatu usiku kwake ni saa tatu usiku yetu. Akigeukia Kiarabu na watoto wake anaiita saa tisa. Mara moja binamu yangu alimngoja mgeni uwanjani tangu alasiri kwa sababu ujumbe ulisema "nafika saa tisa". Tangu hapo tumekubaliana katika ukoo kwamba kila muda wa ndege uandikwe kwa tarakimu nne kama ulivyo kwenye tiketi, na mji wake utajwe. Nawashauri wengine nao wafanye hivyo.

Vilevile ndege ya moja kwa moja si lazima iwe isiyotua. Zipo safari zinazounganisha Unguja na Dar es Salaam katika mzunguko mmoja, na ndege ikishateremka Dar, iliyo umbali wa kilomita 70 na kitu tu, safari inarefuka kwa zaidi ya saa nzima kwa ajili ya kuruka dakika 20. Atakayekosa kabisa safari ya moja kwa moja atapitia Dubai, Doha au Addis Ababa, na hapo asiulize umbali, aulize muda wa kungoja, maana ndio utakaokula siku yake.

Mwezi wa Julai 2019 ami alifariki. Simu ililia alfajiri, kabla ya baba kumaliza uradi wake. Tuliambiwa atazikwa baada ya sala ya adhuhuri, kama inavyotakiwa, maana maiti haiwekwi. Baba hakuweza kusafiri kwa maradhi ya miguu, akasema niende mimi. Nilipata nafasi katika ndege ya siku hiyohiyo, iliyoondoka 15:00 ya kwetu. Nikiwa kwenye foleni ya ukaguzi huko Kiembe Samaki nilitazama saa na kujua kwamba, kwa saa ya Maskati, ami alikuwa amekwisha kuzikwa.

Saa tano na robo ni kitu kidogo mno ukilinganisha na mwaka wa bibi. Lakini ukiongeza muda wa kufika uwanjani mapema, wa kungoja, wa kuruka, wa kupita uhamiaji na wa kusafiri kutoka Seeb hadi mjini, kilomita 30 na kitu, inakuwa siku nzima ya kazi, na mazishi yetu hayangoji siku nzima. Kwa miaka yote ya kuwa na ndege, sijui mtu hata mmoja wa ukoo wetu aliyewahi kuvuka na kuwahi maziko ya upande wa pili. Tunawahi hitima. Wenzetu wanaotoka kwetu wanawahi hitima za kule, na wanaotoka kule wanawahi za kwetu, na tumeanza kuichukulia kuwa ndiyo desturi, ingawa ni hesabu tu ya masafa.

Kabla sijaondoka nyumbani, baba aliniita na kuniambia nikipanga kiti nikae upande wa kushoto, dirishani, kwa sababu ndege itapita Pemba na Wete itakuwa upande ule. Yeye na ami wote walizaliwa Wete. Upande huo aliujua kutokana na ile atlasi yake. Kumbe siku nilipokuwa nikipitisha kidole alikuwa akifuatilia kutoka kwenye kiti chake. Nilipata kiti hicho. Ilikuwa ni kilele cha kusi, mawingu meupe yalikuwa yametanda chini yetu yakielekea kaskazini, na dakika chache baada ya kupaa yalifunguka mara moja, nikaona maji ya kijani, ufukwe wa mikoko na kijani kizito cha mikarafuu, kisha yakafunga.

Safari ile ilichukua saa tano na dakika 24 kwa saa yangu ya mkononi. Nilikaa Maskati siku sita, nikahudhuria hitima, nikalizuru kaburi asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Kurudi, upepo wa juu ukiwa nyuma yetu, tulitumia saa tano na dakika sita. Baba alikuwa barazani ananingoja. Aliponishika mkono hakuuliza habari za wafiwa kwanza. Aliniuliza kama Pemba niliiona. Nikamjibu kwamba niliiona wakati wa kwenda, upande wa kushoto kama alivyosema, na kwamba wakati wa kurudi ilikuwa usiku, nikahamia kiti cha kulia, nikaona taa. Akauliza taa zilikuwa nyingi kiasi gani.